Mwenyewe Hataki Pilipili

Siku zile soko jipya la Darajani lilipokuwa bado linanukia chokaa, haikufungwa harusi ya maana mjini Unguja bila ya Shemsa binti Jaku kuitwa. Shemsa alikuwa fundi wa hina. Akikaa chini na kijiti chake cha chelewa, mguu wa bibi harusi ukiwa juu ya mto mbele yake, alichora maua ya asumini na majani yaliyopandana mpaka kwenye kifundo, na wanawake waliokuja kupiga gumzo walijikuta wamenyamaza wanatazama.

Alikuwa mtoto wa Ng'ambo, upande wa pili wa daraja. Mama yake aliletwa kutoka bara, lakini Shemsa mwenyewe kazaliwa Kikwajuni, kakulia Kikwajuni, na huko huko akaolewa na Machano, fundi wa kupaka chokaa, mtu mpole, mwembamba, mwenye tumbo lisilojua hofu. Machano aliweza kula kiporo cha muhogo kwa papa mkavu, akashushia kachumbari ya pilipili, akalala chali na kukoroma. Shemsa hakuliona hilo kuwa ajabu, kwa sababu na yeye alikuwa hivyo hivyo. Mpaka alipopita miaka arubaini.

Siku hiyo alikuwa ametoka kupaka hina Malindi, anavuka daraja kurudi kwake, mara akahisi kama mtu kamwashia kijinga cha moto kwenye chembe cha moyo. Akasimama, akajishika. Moto ukapanda polepole mpaka kooni, ukamwachia mdomoni maji makali kama siki, kisha ukateremka. Akamalizia kwa mbweu moja ndefu, hata muuza madafu aliyekuwa karibu akasema, "Alhamdulillahi, bibi. Huko ulikotoka wamekulisha."

"Wamenilisha," akasema Shemsa, na machozi yanamlengalenga.

Kwa kweli kulishwa ndiko kulikokuwa na mashaka yote. Katika nyumba za mjini fundi haanzi kazi na tumbo tupu. Ingekuwa aibu, watu wangesema wenye harusi hawana kitu. Kwa hivyo Shemsa akifika tu huwekewa sinia: biriani ya mbuzi inayoelea samli, achari ya ndimu, samaki wa kukaanga aliyepakwa pilipili mpaka ndani ya mifupa, mchuzi wa ukwaju. Mwenye nyumba husimama juu yake na upawa mkononi, na kila akiona sinia lina pengo huliziba. Mwisho huja halua na kahawa. Kisha, tumbo likiwa limejaa kama gunia la karafuu linalosubiri kushonwa mdomo, Shemsa hukaa kitako, akainama juu ya mguu wa bibi harusi, na akabaki hivyo kutwa kama mtu aliyerukuu akasahau kuinuka.

Alidhani kiungulia kile kingekuwa cha siku moja. Kikawa cha kila siku. Akiinama kinapanda, akilala kinapanda, akicheka sana pia kinapanda, na Shemsa alikuwa mtu wa kucheka.

"Umekula nini?" Machano akamuuliza.

"Ulichokula wewe."

"Basi si chakula," akasema Machano, akageukia ukutani.

Machano, ambaye hajapata kuumwa tumbo maisha yake, ndiye aliyekuwa na dawa nyingi kuliko wote. Alimwambia ukali huzimwa kwa ukali, akamkorogea kikombe kizima cha ukwaju mzito. Shemsa akanywa, akapiga ukelele, na majirani wakaja mbio wakidhani Machano kaoa mke wa pili. Jirani yake Time yeye akashikilia mkaa: tafuna kipande cha mkaa kila asubuhi, moto wenyewe utaona mwenzake na utapoa. Shemsa akatafuna, akaenda kazini, akamkaribia bibi harusi kwa tabasamu jema kabisa, na shangazi wa bibi harusi alipoyaona meno yale akamwaga chai. Mhindi mmoja muuza dawa akampa unga mweupe wa kutia katika maji. Maji yakachemka bila ya moto, Shemsa akayanywa akiwa amefumba macho, na kwa kweli akapata nafuu kidogo. Ila mbweu zilizomtoka jioni ile zilikuwa za watu watatu. Mwalimu wa chuo cha Kurani akamwandikia kombe, aya za zafarani zinazooshwa kwa maji ya kunywa, akalinywa kwa imani, na siku ile akapumzika. Lakini kesho yake palikuwa na khitma, na khitma ile ilikuwa na biriani. Alipokwenda kulalamika, mwalimu akakuna ndevu, akasema, "Binti Jaku, kombe nililokuandikia ni la maradhi. Biriani si maradhi."

Mwisho Shemsa akaanza kujiangalia mwenyewe. Akaona kwamba pilipili inamuwasha, na ndimu, na ukwaju, na kahawa, na samli ikizidi. Akila ndizi mbichi za kuchemsha au wali mweupe wenye tui jepesi, anatulia. Akasema basi, kazi imekwisha: vile havili na hivi atavila.

Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Alipoitwa Mkunazini kwa Bi Fatma, mwanamke mwenye mabinti wengi na kwa hivyo mwenye harusi nyingi, likaja sinia kama kawaida. Shemsa akaliangalia kwa heshima na hakulisogelea.

"Nshakula, bibi," akasema.

"Umekula wapi?"

"Nyumbani, bibi."

"Kwa hivyo chakula chetu hukitaki."

"Astaghfirullahi! Tumbo langu tu, bibi. Halipendi pilipili."

"Pilipili iko wapi?" Bi Fatma akachovya kidole katika mchuzi uliokuwa mwekundu kama kofia ya tarabushi, akakilamba. "Hii ni ladha tu. Kula."

"Nitaumwa, bibi."

Sinia likaondoshwa, na tabasamu likaondoka pamoja na sinia. Kesho yake neno lilikuwa limeshazunguka mjini kabla ya jua kuwa kali: Shemsa anaogopa kulishwa kitu, Shemsa anaona nyumba za watu zina uchawi. Harusi iliyokuwa yake akapewa fundi mwengine wa Vuga, ambaye maua yake yalifanana na kwato za mbuzi. Na ya pili yake pia.

Shemsa akarudi kula. Afanyeje? Akala biriani, akainama, akaungua, akanyamaza. Akakonda, na wenye maneno wakasema anamwonea wivu yule fundi wa Vuga.

Mambo yakageuka kwa Bi Mashavu, mke wa mwenye duka la nguo, huko Malindi. Siku hiyo Shemsa alikuwa hoi. Aliletewa samaki aliyepakwa pilipili, akamtazama yule samaki na yule samaki akamtazama. Akaweka mkono kwenye chembe cha moyo, na ulimi ukamteleza.

"Samahani, Bi Mashavu. Mie ningekula. Mwenyewe hataki pilipili."

Alikusudia tumbo. Lakini neno lilikuwa halijatua chini, ikamtoka mbweu nzito, ya taratibu, iliyotoka mbali.

Bi Mashavu akauweka upawa chini. Kila mtu mjini alijua kwamba pepo akitaka kupanda hutanguliza miayo au mbweu.

"Mwenyewe?" akanong'ona.

Shemsa akafungua mdomo kueleza. Akaliona lile sinia. Akaufunga.

"Na kitu gani chengine hataki?" Bi Mashavu akauliza kwa adabu ambayo Shemsa hajapata kuisikia katika nyumba ile.

"Ndimu," akasema Shemsa polepole. "Ukwaju. Kahawa. Na kitunguu kibichi."

"Na anapenda nini?"

"Wali mweupe. Ndizi. Tui jepesi."

"Ruhani!" akasema Bi Mashavu, na macho yakamng'ara. "Ruhani ndio wasiotaka vitu vya ukali, wao ni watu safi. Shangazi yangu anaye. Kwa nini hukusema tangu mwanzo, Shemsa? Tungemuudhi tukapata balaa bure!"

Samaki akaondolewa kama mtu aliyefumaniwa. Wali mweupe ukaletwa katika sahani ya kigae cha Kichina ambayo kwa kawaida haitoki kabatini. Shemsa akala kidogo, akainama juu ya mguu wa bibi harusi, na kwa mara ya kwanza tangu kusi kuanza kuvuma akafanya kazi bila ya kuungua.

Njia nzima mpaka darajani alijiambia kwamba hakusema uongo. Ni kweli hakuusema. Alichofanya ni kuuacha upite mbele yake bila ya kuusimamisha.

"Wewe una ruhani?" Machano akamuuliza baada ya siku mbili tatu. Alikuwa juu ya ngazi mjini na akazisikia habari za mkewe kutoka dirishani.

"Nina kiungulia."

"Mjini wanasema ruhani."

"Tumbo langu hawakuliheshimu, Machano. Ruhani wamemheshimu."

Machano akafikiri. "Basi mwambie aniombee na mie ile kazi ya kupaka jumba la Shangani."

Ulikuwa msimu mtamu. Kila nyumba aliyokwenda, habari zilikuwa zimemtangulia. "Msimtilie pilipili, mwenyewe hataki." "Ondosheni achari, mwenyewe asije akachukia." Hata Bi Fatma wa Mkunazini akamwita tena, akampikia wali kwa mkono wake mwenyewe, akaomba radhi, si kwa Shemsa, kwa mwenyewe. Mtu ambaye tumbo lake halikupata kuulizwa hali sasa ana mgeni wa heshima ndani yake, anayeulizwa anakula nini.

Lakini mgeni wa heshima haachiwi wali mtupu. Bi Mashavu alikuwa wa kwanza kufikiri hivyo, akaandaa chano, sinia la mbao la vyakula vya ruhani: halua nzito, mayai, asali, zabibu, marashi, na birika la kahawa.

"Kahawa hataki, bibi," akasema Shemsa.

"Hii imetiwa hiliki na marashi. Ruhani wa Kiarabu atakosaje kahawa? Ile nyengine aliikataa kwa haya tu."

Nyumba nyengine zikasikia, nazo hazikukubali kushindwa na Bi Mashavu. Vyano vikawa vikubwa. Yale aliyoyakimbia mlangoni yakaingia dirishani yamejipaka samli. Kiungulia kikarudi, na safari hii Shemsa hakuweza hata kulalamika, maana kila mbweu ilipokewa kwa vigelegele.

Kisha wakaanza kuuliza mambo. Mwanamke mmoja, ambaye mumewe Msabah alikwenda bara na akakaa muda mrefu bila ya habari, alikuja kupiga magoti mbele ya Shemsa, aliyekuwa bado na halua mdomoni. "Muulize mwenyewe, Msabah wangu atarudi?" Shemsa akataka kumwambia ainuke, akataka kumwambia ukweli wote, badala yake ikamtoka mbweu. Yule mwanamke akaipokea kuwa ni ndiyo, akalia kwa furaha, akamkumbatia. Shemsa akarudi nyumbani na uzito mwengine kifuani, usiotokana na chakula.

Basi Msabah akarudi. Alirudi mwezi ule ule, amenawiri, na mke wa pili nyuma yake. Na mke wa kwanza akaja mpaka Kikwajuni, akasimama mlangoni, akamuuliza Shemsa kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima kwa nini ruhani alitaja mume na hakutaja mke.

"Nitawaambia," Shemsa akamwambia Machano siku hiyo. "Harusi inayokuja nitawaambia."

Harusi iliyokuja ilikuwa ya Shariffa, binti wa Bi Badriya, katika nyumba kubwa ya Kiarabu karibu na Shangani. Mashamba ya watu wale yalikuwa yameshapungua, lakini ukarimu wao ulikuwa haujapewa habari. Shemsa akapanda ngazi, akavua viatu, akaingia ndani. "Shikamoo, Bi Badriya." "Marahaba, Shemsa. Karibuni nyote wawili," akasema Bi Badriya, na wanawake wakacheka kwa heshima. Chumba kilikuwa kimejaa: Bi Mashavu yuko, Bi Fatma yuko, mashangazi, majirani, na pembeni juu ya zulia amekaa Bi Borafya. Huyu alikuwa fundi mkubwa wa mambo ya pepo, mwanamke mrefu wa maneno machache, ambaye aliitwa makusudi aje amwamkie ruhani wa Shemsa. Katikati pakawekwa chano ambacho walikichukua wanawake wawili.

Shemsa alikuwa amejitayarisha kusema. Lakini Bi Badriya alimega halua kwa mkono wake na kumtilia mdomoni. Akaja shangazi na yai. Akaja mwengine na asali. Akaja wa nne na kahawa. Utasema vipi na mdomo umejaa? Alipopumua, bibi harusi alikuwa ameshanyoosha miguu.

Mguu wa kushoto ulikwenda vizuri. Shariffa alikuwa msichana mchangamfu, asiyekaa kimya, na Shemsa alimpenda. "Nichoree na ndege, Bi Shemsa." "Hina haina ndege, mwanangu. Tulia." Kwenye mguu wa kulia Shemsa akainama zaidi ili alifikie ua la kifundoni, na halua, yai, asali na kahawa vyote kwa pamoja vikaamua kurudi vilikotoka. Akakaza meno. Akashusha pumzi. Akasoma alichojaaliwa kukumbuka. Haikusaidia kitu. Mbweu iliyomtoka ilitikisa vikombe ndani ya sinia, mwili mzima ukamruka, na kijiti cha hina kikateleza kutoka kifundoni kikapanda juu ya muundi wa bibi harusi, kikiacha mstari mnene mpaka karibu na goti.

"Kapanda!" akapiga kelele Bi Mashavu.

Vigelegele vikavuma. Mmoja akatia udi chetezoni, mwengine akamnyunyizia marashi machoni, mwengine akamfunika shuka nyeupe gubigubi. Bi Borafya akainuka, akaja akapiga goti mbele ya lile shuka.

"Karibu, bwana," akasema. "Tuambie jina lako."

Chini ya shuka, katika moshi wa udi, Shemsa akajitahidi kusema, "Bi Borafya, mimi..." Lakini baada ya "Bi" ikaja mbweu nyengine ikalimeza lililobaki.

"Kasema Burhani!" akasema Bi Fatma.

"Hapana, kasema Bulushi," akasema shangazi mmoja. "Si Mwarabu huyu, ni Mbulushi."

"Mbulushi gani asiyekula pilipili?"

Wakiwa katika kubishana, Bi Borafya akainua upindo wa shuka na kuingiza kichwa. Wakawa uso kwa uso.

"Shemsa," akanong'ona. "Kinachoma?"

"Kinachoma, bibi."

"Kutoka wapi?"

"Hapa. Mpaka hapa."

Bi Borafya akamtazama. "Mimi wangu akipanda hupanda kichwani. Huyu wako kaishia kooni. Huyu si ruhani."

"Najua, bibi."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Bi Borafya akauma upindo wa kanga yake, mabega yakamtetemeka, na huko nje waliouona mgongo wake wakaitikia "Amin" kwa hofu. Alipoweza kusema tena akasema, "Basi waambie wewe. Mimi nikisema, watasema nina kijicho na mgeni."

Akalifunua shuka. Shemsa akabaki amekaa, uso umelowa marashi, hina kwenye kidole.

"Bi Badriya," akasema, "na nyote mlio hapa. Mie sina ruhani. Nina kiungulia. Niliposema mwenyewe hataki, nilikuwa nikisema tumbo. Mkaelewa vyengine, na mie nikaona mnaniletea wali mweupe, nikanyamaza. Hilo kosa langu. Kama mnataka kuniondoa niondoeni, lakini niacheni kwanza nimalize mguu."

Bi Badriya akatoka alipokaa, akaja mpaka mbele yake. Alikuwa mwanamke wa makamo kama Shemsa, mwenye macho ya kukata.

"Kwa hivyo ile halua niliyokutia mdomoni..."

"Imeniua, bibi."

Bi Badriya akachutama, akashusha sauti, ingawa kila mtu alisikia. "Hebu niambie. Hicho kinachopanda, kinakuja na maji makali?"

"Kama siki."

"Na ukilala chali?"

"Ndiyo huzidi."

"Na ukila pilau?"

"Bibi, usinikumbushe."

Bi Badriya akakaa chini pale pale kwenye mkeka, kando ya bakuli la hina. "Mie mwaka wa tatu huu," akasema. "Nikidhani nimepigwa jicho."

Basi ikawa kama mtu kazibua mfereji. Bi Fatma wa Mkunazini, yule wa ladha tu, akasema yeye maziwa akiyanywa hana budi asitoke nyumbani. Bi Mashavu akasema choroko humjaza upepo mpaka hulegeza nguo na kujifungia chumbani. Yule shangazi aliyesema Mbulushi akakiri kwamba yeye hajala kitunguu tangu azae mtoto wa mwisho, na kila anapoalikwa hukitia ndani ya mkunjo wa nguo na kwenda kuwapa kuku. Kila mmoja alikuwa na wake, na kila mmoja alikuwa akidhani yuko peke yake. Walikuwa wakilishana kwa upawa kwa miaka, huyu akimuunguza yule na yule akimvimbisha huyu, kwa heshima tupu. Walicheka mpaka Bi Borafya, ambaye watu hawajapata kuyaona meno yake, akalazimika kujiegemeza ukutani.

"Na mguu wangu je?" akauliza Shariffa.

Wakaugeukia. Ule mstari ulikuwa pale pale. Wakaufuta kwa kitambaa, wakausugua kwa mafuta, na hina ile, kwa kuwa ilikuwa hina ya Shemsa, ilikuwa imeshashika.

"Utavaa suruali ya marinda," akasema Bi Badriya. "Nani atauona?"

"Bwana harusi atauona!"

"Bwana harusi," akasema Bi Borafya kwa upole, "siku hiyo hatakuwa na muda wa kukagua hina."

Shariffa akajifunika uso kwa mikono miwili, na Shemsa akaudaka mguu kabla haujaharibu na ule mwengine.

Hawakumwondoa. Si wote waliomsamehe siku ile ile. Mke wa Msabah alipita mbele yake bila ya salamu kwa muda mrefu, na alikuwa na haki. Shemsa akamwendea na kumtaka radhi, akafukuzwa, akarudi tena, na mara ya tatu akakaribishwa uji. Ulikuwa uji wa pilipili manga. Akaunywa wote, hakusema kitu.

Ukweli lakini haukuwa dawa. Kilichomfungua macho ni Ramadhani iliyofuata. Siku za mwisho wa mfungo wanawake wa mjini wote walitaka hina ya Iddi, na Shemsa aliinama kutoka asubuhi mpaka alasiri, mguu baada ya mguu, na hakuungua hata kidogo. Akifuturu, akila akashiba, akainuka kwenda kumalizia kazi, moto huo. Siku ya kwanza akasema ni baraka za mwezi. Siku iliyofuata, akiwa ameinama juu ya bakuli tupu la futari analiosha, akasita. Akachukua kibuyu cha maji kilichokuwa na maji kidogo, akakilaza. Hakikumwaga. Akakijaza mpaka mdomoni, akakilaza tena, na maji yakamlowesha miguu.

"Machano!" akaita.

"Naam."

"Ni kule kuinama! Ninajaa, kisha ninainama!"

Machano akatazama maji sakafuni, akatazama kibuyu. "Na mimi je, mbona silowi?"

"Wewe ni mtungi," akasema Shemsa, na yeye mwenyewe akacheka, polepole, asije akaamsha kitu.

Tangu Iddi ile akaweka sharti lake mwenyewe, na aliliweka waziwazi mlangoni: kazi kwanza, chakula baadaye, na bibi harusi akae juu ya kitanda cha miguu mirefu, yeye fundi akae chini kwenye kigoda na mgongo umesimama. Mwanzo watu walinung'unika kwamba ni jambo geni, fundi kupaka hina na njaa. Bi Badriya akawaambia kwake ndivyo inavyofanywa, na ikawa ndiyo desturi, maana Bi Badriya akifanya jambo nyumba nyengine hazipendi kubaki nyuma. Kwa Machano aliomba kitu kimoja tu: atie mawe chini ya miguu ya kitanda, upande wa kichwani. Machano akatia. Shemsa akalala vizuri. Machano, aliyezoea kulala akijiviringisha, kila alfajiri akaamka yuko miguuni pa kitanda, amekunjana kama nguo iliyoanguka kambani, na akawa akisema huo nao ni ugonjwa na unamhusu yeye.

Shemsa hakupona kabisa, na hakudai kwamba amepona. Alizeeka na kiungulia chake kama mtu anavyozeeka na jirani mgumu: ukijua anachukizwa na nini mnaishi. Wanawake wa makamo walikuwa wakimjia Kikwajuni, wengine kwa hina na wengine kwa matumbo, na aliwaambia yale aliyoyajua na kuongeza kwamba kila tumbo lina mdomo wake, lisikilize lako. Alishika miiko yake vizuri kuliko wengi wanavyoishika. Isipokuwa msimu wa mabungo, matunda yale machachu kama ukwaju. Mabungo yakiiva na harufu ikapita njiani, hakuwa na hila nayo, wala hakutaka kuwa nayo.

Siku moja ya msimu huo Time alipita mchana, akamkuta kwenye baraza yake amekaa wima, mgongo haugusi ukuta, mikono juu ya magoti, macho mbele.

"Bi Shemsa, mbona umekaa kama mtu anayesubiri hukumu?"

"Nimekula mabungo."

"Mengi?"

"Time," akasema Shemsa bila ya kugeuza shingo, "nenda zako, usinichekeshe."